Kumlea mwanagenzi wa gemu za timu: yazingatie haya kabla ya kuwasha maiki

Tangu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya itoe miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni, Aprili 2025, malalamiko ya gemu yanayofika mezani kwetu hapa Mombasa yamezidi. Mengi yana sura moja: mchezaji mzoefu amejitolea kumfunza mgeni, nia yake safi, kisha panazuka matusi, au akaunti inapotea, au mzazi anagundua kwamba mwanawe huzungumza usiku wa manane na mtu mzima asiyemjua. Makala haya yanamlenga huyo mzoefu.

Kwanza, usimbebe. Katika Dota 2 au Mobile Legends, watano kwa watano, au skwodi ya wanne ya PUBG Mobile, mzoefu mmoja anaweza kushinda mechi huku mwenzake akimfuata nyuma tu. Ushindi wa namna hiyo humpandisha mwanagenzi renki asiyoiweza, na siku ukikosekana ataliwa huko na kutukanwa na wenzake mwenyewe.

Wengine hufungua akaunti ya pili ili washuke hadi kiwango cha mgeni. Wakiulizwa husema wanafundisha. Wale wanaowatandika huko chini hawakuomba kufundishwa. Septemba 2023 kampuni ya Valve ilifungia akaunti 90,000 za aina hiyo katika Dota 2, ikaonya kwamba hata akaunti kuu ya mhusika inaweza kuadhibiwa. Chezeni mechi zisizo za renki. Dota 2 hata ina nafasi maalumu ya kocha: unaona skrini ya mwanafunzi wako na kumchorea ramani, na michoro hiyo haionwi na mwingine.

Kuna dhana kwamba mgeni apewe nafasi ya kusaidia kwa kuwa ni nyepesi. Si nyepesi hata kidogo. Msaidizi lazima aisome ramani nzima na ajue adui atatokea wapi. Mwache achague shujaa mmoja anayempenda, akae naye mpaka vidole vimzoee.

Mechi ikiendelea, sema machache: "rudi", "ngoja", "kulia". Mtu anayepigwa risasi hawezi kusikiliza hotuba. Mafunzo huja baadaye, kwenye marudio ya mechi, na si lazima mtazame yote. Chagueni vifo viwili vitatu, na kabla hujamwambia alipaswa kufanya nini, muulize aliona nini. Mara nyingi utagundua kwamba aliona sawa ila alichelewa, au hakuwa ameitazama ramani kabisa. Hayo ni makosa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Ukimfokea "cheza vizuri" hujatibu lolote.

Kabla ya kumlaumu, tazama pingi, yaani muda ambao data huchukua, kwa milisekunde, kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha mechi) na kurudi. Kila wiki naambiwa kwamba nyaya za baharini hutua Mombasa, basi intaneti yetu haiwezi kuwa ya kulaumiwa. Ni kweli waya wa TEAMS unatua hapa tangu 2009, lakini waya kutua hapa hakuisogezi seva karibu nasi. Pingi ya 200 maana yake ni moja ya tano ya sekunde kwa kwenda na kurudi. Kama vijana wanne wa Kisauni wamejiunga na hotspoti ya simu moja, adui unayemwona ameshahama.

Sasa matusi, na hapa naomba tuelewane. "Ni gemu tu" si utetezi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinahusu unyanyasaji mtandaoni, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Si kila neno kali litafika huko. Hilo ni la mahakama kuamua. Vitisho vya kumpiga mtu nje ya gemu ni jambo jingine kabisa.

Nywila ya mwanagenzi usiiombe, hata kama lengo ni kumpandishia akaunti. Kampuni nyingi za gemu zinakataza, na akaunti ikipotea wewe ndiye mshukiwa wa kwanza.

Akiwa chini ya miaka 18, mzazi akujue kwanza. Mazungumzo yabaki kwenye maiki ya timu nzima, pasiwe na zawadi za siri za UC wala almasi, ile sarafu ya ndani ya gemu. Wanaoendesha klabu na kuandikisha majina, namba na picha za watoto wanahitaji idhini ya mzazi chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Lalamiko linalofikishwa kwake huchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kuhusu utaratibu: ripoti ndani ya gemu kwanza. Kisha piga picha ya skrini nzima, ionyeshe tarehe, saa na namba ya mchezaji, kwa maana jina hubadilishwa wakati wowote na namba hubaki. Usifute mazungumzo, na simu iliyopiga picha usiiuze, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza kifaa kilichotumika. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikiwe taarifa, na usiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Mtoto akiwa hatarini piga 116 wakati wowote, bila malipo. Picha iliyokatwa ikabaki tusi peke yake, bila namba wala tarehe, tutakurudisha nayo.