Nimitz hakuwa Midway, wala hakupaswa kuwapo

Nafundisha historia ya vita vya majini, na kosa hili nimelisahihisha hadi kalamu nyekundu imechoka: kwamba Admirali Chester Nimitz wa Marekani alisimama kwenye daraja la manowari akiongoza mapigano ya Midway, kisiwa cha Pasifiki ambako Marekani ilipigana na Japani katika Vita Kuu ya Pili. Hapana. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942 alikuwa makao makuu yake Pearl Harbor, Hawaii, zaidi ya maili 1,000 kutoka huko. Waliokuwa baharini ni maadmirali Frank Jack Fletcher ndani ya Yorktown na Raymond Spruance ndani ya Enterprise, zote manowari za kubeba ndege. Na hata Fletcher hakuwa akiendesha meli; Yorktown ilikuwa na nahodha wake, Elliott Buckmaster. Ukisoma habari za admirali yeyote, tafuta kwanza nahodha wa meli aliyopanda ni nani. Utaelewa mengi.

Wakishaambiwa hivyo, wengine hudhani Nimitz alijificha. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kamanda wa manowari zote za Marekani katika Pasifiki alihitaji kuzungumza na kila kikosi, na meli inayotumia redio hujifichua mahali ilipo. Mpinzani wake, Admirali Yamamoto wa Japani, yeye alitoka baharini ndani ya manowari Yamato. Matokeo yake alikuwa mamia ya maili nyuma ya manowari zake za kubeba ndege, amefungwa mdomo na ukimya wa redio, na hakuweza kuwasaidia makamanda wake mambo yalipoharibika. Japani ilipoteza manowari nne za kubeba ndege.

Kazi kubwa ya Nimitz ilifanyika kabla. Yorktown ilirudi Pearl Harbor tarehe 27 Mei ikiwa imeumizwa na bomu, ikikadiriwa kuhitaji matengenezo ya miezi. Nimitz akashuka gudini, bwawa la kutengenezea meli, akiwa amevaa mabuti marefu, maji hayajakauka, akaikagua kwa macho yake, kisha akawapa mafundi siku tatu. Tarehe 30 iling'oa nanga. Bila amri ile, Fletcher asingekuwa na meli ya kupigania.

Zipo dhana nyingine tatu ambazo maisha yake yanazikanusha. "Kosa moja humaliza kazi ya ofisa." Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 23, Nimitz aliikwamisha manowari aliyoiongoza, Decatur, kwenye tope huko Ufilipino. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akapewa karipio. Mwaka 1944 alivaa nyota tano, cheo cha juu kabisa.

"Alipanda cheo kwa sababu ya manowari kubwa." Ujana wake mwingi aliutumia kwenye nyambizi na injini za dizeli, na injini mojawapo ilimkata kipande cha kidole. Hata ukamanda wa Pasifiki aliupokea juu ya sitaha ya nyambizi, Grayling, tarehe 31 Desemba 1941.

"Kamanda mpya hufagia watu wa mtangulizi wake." Wengi walitarajia hivyo baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor Desemba 1941. Nimitz aliwabakiza maofisa wa Kimmel, mtangulizi wake, akiwamo Edwin Layton wa upelelezi. Ni Layton huyo aliyembashiria kwamba Wajapani wangeonekana saa 12 asubuhi, maili 175 kutoka Midway, upande wa kaskazini magharibi. Walipoonekana, Nimitz alimwambia amekosea kwa dakika tano, nyuzi tano za mwelekeo na maili tano tu.