Fedha tatu, shaba hakuna: maana ya sare kwenye kuogelea

Fainali ya wanaume ya mita 100 mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Rio 2016 iliwaacha watazamaji wengi wakikodolea macho ubao wa matokeo. Joseph Schooling alishinda kwa sekunde 50.39 na kuipa Singapore dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Nyuma yake Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria waliandikiwa muda mmoja: 51.14. Wote watatu wakavishwa fedha. Shaba haikutolewa.

Hiyo ndiyo sare: waogeleaji wawili au zaidi kugusa ukuta kwa muda uleule hadi sehemu ya mia ya sekunde. Kwenye fainali mbio hazirudiwi wala kura haipigwi. Kila mmoja hupata medali kamili ya nafasi yake, na nafasi zinazofuata hurukwa kulingana na idadi yao. Rio hukohuko, Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada walifungana kwa 52.70 kwenye mita 100 mtindo huru, zikatoka dhahabu mbili. Sarah Sjöström wa Sweden, aliyewafuata, akahesabiwa wa tatu na kuchukua shaba.

Mtu atauliza: mitambo ya leo si inaweza kupima hadi sehemu ya elfu? Inaweza, na iliwahi kutumika hivyo. Munich mwaka 1972, kwenye mita 400 za mitindo minne, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walimaliza wote kwa 4:31.98. Ikatazamwa tarakimu ya tatu: 4:31.981 kwa 4:31.983. Larsson akapewa dhahabu, McKee fedha.

Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wao wa wastani, elfu mbili za sekunde ni kama milimita 3 za maji, baada ya kuogelea mita 400. Bwawa hujengwa na mafundi kwa zege na vigae, na kanuni zenyewe huruhusu urefu wa njia uzidi kidogo, kwa kiasi kinachopita hizo milimita 3. Kwa hiyo huenda aliyeshindwa ndiye aliyeogelea mbali zaidi! Binafsi naona McKee alionewa, tena si na waamuzi bali na kanuni. Baadaye kanuni ilibadilishwa, na muda ukaishia kwenye sehemu ya mia.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba saa haisimamishwi na jicho la mtu. Ukutani kuna pedi, na ni lazima ibonyezwe kwa nguvu kiasi. Beijing 2008, kwenye mita 100 kipepeo, Milorad Čavić wa Serbia alikuwa mbele mwishoni, akanyoosha mikono na kuteleza kuelekea ukutani. Phelps akaongeza pigo moja fupi la mikono, akaibamiza pedi. Matokeo: 50.58 kwa 50.59. Serbia ilikata rufaa, picha zikakaguliwa, matokeo yakabaki. Sehemu moja tu ya mia, lakini hiyo si sare.

Paris 2024 sare ilirudi tena kwenye mita 100 mtindo wa chura: Nicolò Martinenghi wa Italia alishinda kwa 59.03, na Adam Peaty wa Uingereza na Nic Fink wa Marekani wakapata fedha kwa 59.05.

Kwenye mchujo mambo ni tofauti. Jukwaa la washindi linaweza kubeba watu watatu wa fedha, ila fainali ina njia nane tu. Wawili wakifungana kwenye nafasi ya nane, hurudishwa majini wao peke yao, na anayetangulia kugusa ndiye anayeingia fainali.