Afya Yako Ukiwa Ugenini: Maswali ya Msafiri

Pasipoti, viza na tiketi hushughulikiwa mapema. Afya hukumbukwa usiku wa kufunga begi, wakati mengi yameshapita uwezo wako. Haya hapa ni maswali ambayo wasafiri huyauliza sana, mengine wakiwa wameshachelewa.

Niende kliniki muda gani kabla ya safari?

Wiki 6 hadi 8 kabla ni nafasi nzuri, na wiki 4 bado zinatosha kwa mambo mengi. Kinachohitaji muda ni chanjo. Mwili hauamki siku hiyohiyo uliyochomwa sindano, na chanjo nyingine huja kwa dozi kadhaa: ya homa ya ini aina B, kwa ratiba ya kawaida, hukamilika baada ya miezi 6. Hata hivyo, kama ndege yako ni keshokutwa, nenda vilevile, kwa sababu zipo dawa za kuzuia malaria zinazoweza kuanzwa siku moja kabla ya kufika.

Ukifika kliniki usitaje jina la nchi tu. Mweleze mhudumu kama utalala mjini au mashambani, ni msimu wa mvua au wa kiangazi, utakaa muda gani na utapitia nchi zipi njiani. Ushauri wa mtu anayekwenda kwenye mkutano wa siku tatu haufanani na wa mtu anayekwenda kuishi na jamaa zake mwezi mzima, hata kama wametua uwanja mmoja.

Kadi yangu ya njano ina zaidi ya miaka kumi. Nichanje tena?

Hapana. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa kitaisha baada ya miaka 10. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza ajue kwamba cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, unaweza kukwama mpakani. Hakikisha jina kwenye kadi linalingana na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na kwamba kuna sahihi na mhuri wa kituo.

Wapo wasiofaa kupewa chanjo hii, wakiwemo watoto wa chini ya miezi 6, watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka sana na wenye mzio mkali wa mayai. Hao humwona daktari, ambaye anaweza kuwaandikia cheti cha kueleza sababu. Kadi za kununua bila kuchomwa sindano zipo, nazo humpita afisa wa uhamiaji. Mbu hasomi kadi.

Anayekwenda Hija au Umra nchini Saudi Arabia ana sharti jingine: chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili.

Natumia dawa kila siku. Nizibebeje?

Hapa ndipo watu wengi huponea chupuchupu, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, dawa zako zote muhimu ziwe kwenye begi la mkononi. Begi lililopakiwa chini ya ndege linaweza kuchelewa siku mbili au kupotelea mji mwingine, na vidonge vya presha, kifafa au ARV haviwezi kulisubiri. Insulini ina sababu ya ziada: sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi ya kuigandisha, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Lile sharti la mililita 100 za vimiminika kwenye ukaguzi kwa kawaida haliigusi dawa unayoihitaji, ila itoe uionyeshe mwenyewe.

Pili, acha kila dawa kwenye boksi lake. Kumimina vidonge vyote kwenye kichupa kimoja kunapunguza uzito wa begi na kuongeza maswali. Beba barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, kipimo, na jina halisi la dawa, yaani lile la kikemikali, maana majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi na mfamasia wa ugenini anaweza asilitambue lako. Ongeza akiba ya siku kadhaa, endapo safari ya kurudi itaahirishwa.

Tatu, na hili wengi hawalijui, dawa halali kwenu inaweza kuwa kosa la jinai unakokwenda. Falme za Kiarabu zinataka kibali kwa dawa zenye kodeini au tramadoli. Japani inakataza dawa za jamii ya amfetamini hata kama daktari wako amekuandikia, na hata dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi. Cheki na ubalozi wa nchi husika ukiwa bado nyumbani. Ukiombwa kumpelekea mtu dawa usizozijua, kataa, hata kama anayekuomba ni mjomba.

Kuhusu saa: kidonge kimoja cha kila siku kwa kawaida hakina taabu ukikisogeza taratibu kufuata saa za ugenini, lakini wa insulini na wa dawa za kifafa wapange ratiba na daktari wao kabla ya kuondoka.

Safari ni ya saa nyingi. Miguu kuvimba ni kawaida?

Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida. Kinachoogopwa ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, hatari inayoongezeka ukikaa bila kusogea zaidi ya saa 4, iwe kwenye ndege, basi au treni. Simama utembee, kunja na kunjua vifundo vya miguu, kunywa maji. Ukiona mguu mmoja umevimba, shavu la mguu linauma, au pumzi inakubana na kifua kinachoma, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulishatua wiki moja iliyopita.

Nitajuaje kwamba maji na chakula ni salama?

Kwa macho huwezi kujua, ndiyo maana kuna kanuni. Chupa ya maji ifunguliwe mbele yako. Kifuniko kikizunguka bila kukatika, kile kipete cha chini kilishakatwa zamani na maji huenda yametoka bombani. Barafu ni maji, kwa hiyo soda baridi kwenye glasi yenye vipande vya barafu haijakuokoa na kitu. Kupiga mswaki kwa maji ya bomba nako ni kuyanywa. Ukichemsha mwenyewe, subiri maji yatokote dakika 1 kamili, au dakika 3 ukiwa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Chakula kiwe kimeiva na kinatoka jikoni kikifuka moshi. Chakula kilichokaa mezani tangu asubuhi kikisubiri wageni kina hatari kuliko cha mtaani kilichokaangwa mbele yako, ingawa wengi huamini kinyume chake kwa sababu ya vitambaa vyeupe vya meza.

Na nikianza kuharisha?

Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku chache. Kinachoua ni maji kuisha mwilini. Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji safi, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha unywe kidogokidogo. Usizidishe chumvi. Dawa za kufunga choo kama loperamidi zinamsaidia mtu mzima mwenye basi la kuwahi, lakini usizitumie ukiwa na homa kali au ukiona damu kwenye choo, wala usimpe mtoto mdogo. Damu, homa, kutapika kila unachokunywa au kukosa mkojo kwa saa nyingi ni dalili za kwenda hospitali.

Nimekulia kwenye malaria. Kweli nahitaji dawa za kuzuia?

Ukishaishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, kinga uliyokua nayo hupungua sana, na watoto wako waliozaliwa huko hawana kabisa. Wanaorudi kusalimia ndugu ndio huugua sana, kwa kuwa hawajioni kuwa wageni. Dawa zinatofautiana: doksisaiklini huendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria, kwa sababu vimelea vinaweza kuwa bado vimejificha kwenye ini, lakini ile ya mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambayo hufanya kazi hadi huko kwenye ini, huendelea siku 7 tu. Kuacha siku ya kutua nyumbani ni kujimaliza mwenyewe.

Dengi ni habari nyingine. Mbu wake huuma mchana, na vidonge vya malaria haviizuii. Ukishuku dengi tumia parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Mbwa ameniparua kidogo tu.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Usingoje dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Popo na nyani nao wamo.

Bima ina umuhimu gani nikiwa mzima?

Kwa viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni lazima, na iwe ya angalau euro 30,000. Kwingineko soma yale maandishi madogo: bima nyingi hazilipi ajali ya pikipiki ukiendesha bila leseni, wala ugonjwa ambao hukuutaja. Barabara ndizo huua wasafiri wazima kuliko maradhi ya ajabu. Ukitoka nchi ya kuendesha kulia ukaenda Uingereza, Japani au India, gari litakuja kutoka upande ambao shingo yako haijazoea kugeukia. Andika kwenye karatasi namba ya bima na ya dharura ya huko: 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza.

Nimesharudi, na sasa nina homa.

Usijitibu mafua. Nenda upimwe malaria leo, na useme bila kuulizwa: nchi ulizokwenda, tarehe ya kurudi, na kama ulikunywa dawa zote. Malaria kali hujitokeza mara nyingi ndani ya miezi 3, lakini aina nyingine husubiri hata mwaka. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ikaendelea, rudi upimwe tena.