Faili moja, kompyuta mbili, mvua mbili

Kijana mmoja alituletea flashi yenye vipimo vya mvua kutoka kituo kidogo kilichowekwa juu ya paa hapa Nairobi. Siku iliyonyesha milimita 1, laptopu yake ilitoa namba yenye sifuri 40 baada ya nukta kabla tarakimu ya kwanza haijajitokeza. Alishuku virusi. Faili ilikuwa nzima.

Kompyuta haihifadhi namba, inahifadhi baiti, yaani mafungu ya biti nane nane, kila biti ikiwa 0 au 1. Katika umbo la nukta inayoelea (floating point, linalotumika kwa namba zenye desimali) la biti 32, namba 1 ni baiti nne, hapa zikiandikwa kwa kizio cha 16: 3F, 80, 00, 00. Kifaa chake cha mvua kiliziandika kwa mpangilio huo. Laptopu nyingi huzipanga kinyume, kwa hiyo programu yake ilianza kusomea mkiani.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kompyuta ya IBM System/360 ya mwaka 1964 ilitumia kizio cha 16 kwa namba hizi, kompyuta za VAX zikawa na umbo lake, za Cray nazo lake. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kinachoeleza umbo la namba hizi, ambacho mwanahisabati William Kahan alikipigania sana, ndicho kilichowapatanisha watengenezaji. Ila hakikuamua baiti ipi itangulie.

Hata baiti zikikaa sawa, hesabu yenyewe yaweza kutofautiana. Kwenye kuzidisha kisha kujumlisha, mashine moja hukadiria (hupunguza tarakimu ili jibu litoshe) mara mbili, nyingine hufanya yote kwa hatua moja na kukadiria mara moja. Tarakimu za mwisho zinapishana, na aliyelinganisha majibu hayo kwa alama ya usawa atakesha akitafuta kosa.

Mimi hupendelea kuhamisha vipimo kama maandishi: tarakimu 9 kwa biti 32, 17 kwa biti 64, na namba itarudi ilivyokuwa. Lakini chunga koma! Mashine yenye mipangilio ya Kifaransa, tuseme ya mwenzako wa Bujumbura, huenda ikaandika 12,5. Programu yako inayotarajia nukta inaweza kuishia kwenye koma na kusoma 12, nusu milimita ikakauka hivyo hivyo.

Pesa za watu usiziweke kwenye nukta inayoelea kabisa. Jaribu mwenyewe: hifadhi akiba ya chama, shilingi 16,777,216, kwa biti 32, kisha ongeza shilingi 1. Inabaki 16,777,216. Ongeza moja moja hata mara elfu, haisogei, maana nafasi zake 24 za tarakimu za 0 na 1 zimejaa na kila shilingi inakadiriwa kurudi chini. Sijui mweka hazina atawaeleza nini wanachama. Hesabu senti, uziweke kama namba nzima ya biti 64.

Yule kijana alibadilisha alama moja tu kwenye programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ile inayosema baiti zisomwe kuanzia upande upi: '<f' ikawa '>f'. Milimita yake ikarudi.