Opali ya kale na sifa yake ya nuksi

Opali ni kito kinachotokana na silika iliyofungamana na maji, na hutofautiana na almasi, yakuti na zumaridi kwa kuwa haina umbo la fuwele. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga huonyesha mimeto ya nyekundu, kijani na buluu inayohamahama ndani ya jiwe. Ajabu hiyo haikupata maelezo ya kuridhisha mpaka miaka ya 1960, wanasayansi wa Australia walipoichunguza kwa hadubini ya elektroni na kukuta ndani yake vitufe vidogo mno vya silika, vilivyopangwa safu kwa safu, ambavyo huuchambua mwanga katika rangi zake. Katika biashara ya vito, pambo la opali huhesabiwa kuwa la kale linapotimiza takriban miaka 100, kwa hiyo mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni pete, vidani, hereni na bizimu za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Mapambo hayo huuzwa pamoja na hadithi zake, na hadithi za mwanzo zilikuwa njema. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliisifu opali kwa kukusanya mahali pamoja moto wa yakuti, zambarau ya amethisto na ukijani wa zumaridi. Ndiye aliyesimulia pia habari za seneta Nonius, aliyekubali kukimbilia uhamishoni na kuacha mali yake yote, akiwa na pete yake ya opali tu, kuliko kumpa Mark Antony, mmoja wa watawala wa Roma. Katika Ulaya ya zama za kati iliaminika kwamba jiwe hili huimarisha macho ya mwenye nalo. Wengine wakaongeza kwamba likifungwa kwenye jani la mlori humfanya aliyelibeba asionekane, na ndiyo maana likaitwa mlinzi wa wezi.

Sifa ya nuksi ilienea hasa baada ya mwaka 1829, Walter Scott alipochapisha riwaya ya Anne of Geierstein, ambamo tone la maji ya baraka linaangukia opali ya bibi mmoja, jiwe linapoteza rangi, na bibi mwenyewe anafikwa na maafa. Hata hivyo, sidhani kwamba riwaya moja ingetosha kulichafua jiwe zima kama jiwe lenyewe halingekuwa na tabia ya kuwafanya watu waamini nuksi hiyo. Opali ni laini kuliko vito vingi vya pete, kwani ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni kati ya 5.5 na 6.5, na maji yaliyomo huifanya ichukie joto la ghafla. Ikikauka huweza kuingia nyufa nyembamba na kufifia. Sonara aliyepasua jiwe la mteja wakati wa kulitia kwenye dhahabu alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba jiwe lina mkosi, kabla hajaulizwa kuhusu moto aliotumia kazini.

Nchini Uingereza imani hiyo iligawanya hata ukoo wa kifalme. Malkia Victoria aliipenda opali na kuwagawia binti zake, na mnamo 1853 mumewe, Prince Albert, alimbunia taji dogo la almasi na opali; lakini Malkia Alexandra, mke wa mwana wao, aliagiza mwaka 1902 opali hizo ziondolewe na mahali pake pawekwe yakuti nyekundu. Wakati huohuo Australia ilikuwa imeanza kuleta sokoni mawe mengi, kwanza kutoka White Cliffs, kisha opali nyeusi za Lightning Ridge, huku Ufaransa sonara René Lalique akiyatumia katika mapambo yake. Biashara nayo ikatafuta njia ya kuituliza hofu: mwaka 1912 masonara wa Marekani waliiorodhesha opali kuwa jiwe la waliozaliwa Oktoba, na hadi leo wapo wanaosema kwamba hao peke yao ndio huivaa bila kudhurika.

Kinachomvuta mnunuzi wa leo ni kwamba hakuna opali mbili zinazofanana, na kwamba jiwe dhaifu kiasi hicho limepita mikono mingi bila kuvunjika. Anayenunua alitazame jiwe kwa ubavuni, maana baadhi ni kipande chembamba kilichogundishwa juu ya jiwe jeusi, na maji yakipenya kwenye gundi hutia ukungu. Aulize pia jiwe lilitoka wapi. Opali za Wollo, Ethiopia, ambazo nyingi hufyonza maji na kubadilika sura kwa muda, ziligunduliwa mwaka 2008 tu. Kwa hiyo jiwe la Wollo likikutwa ndani ya pete ya enzi za Victoria, dhahabu inaweza kuwa ya kale kweli, lakini jiwe limebadilishwa, na bei inapaswa kupungua.