Tereré si chai baridi

Paragwai ikitajwa popote, iwe kwenye mazungumzo ya mpira au kwenye makala za utalii, hakosekani wa kueleza kwamba watu wa kule "wanakunywa chai baridi inayoitwa tereré". Nimeshaisoma kauli hiyo mara nyingi mno. Tereré ni yerba, yaani majani makavu ya mti uitwao Ilex paraguariensis, yanayotiwa kwenye kikombe, yakamiminiwa maji ya barafu na kunywewa kwa mrija wa chuma wenye kichujio upande wa chini. Chai inatokana na mmea mwingine kabisa, hata ukoo wake si mmoja na huo. Vyote viwili vina kafeini, basi.

Hilo la chai nalisamehe. Linalonikera ni la wale wanaojua kidogo zaidi, waliosikia habari za mate, kinywaji cha yerba hiyo hiyo: "Aa, hiyo ni mate ya Waajentina, wameipoza tu." Mate iliyopoa ni mate iliyopoa. Mate hunywewa kwa maji ya moto, mara nyingi kwenye kibuyu. Tereré ina chombo chake, guampa, ambayo kwa asili ni pembe ya ng'ombe. Na kubwa kuliko yote, maji ya tereré kwa kawaida si maji matupu. Yana dawa ndani yake.

Ukipita kwenye masoko ya Asunción, mji mkuu wa Paragwai, kwa mfano Mercado 4, na hata kwenye kona za barabara, utawakuta akina mama wamekaa na mafungu ya majani mabichi na mizizi, mbele yao kinu cha mbao na mchi. Wanaitwa yuyeras. Unamweleza yuyera shida yako: tumbo halijatulia, mkojo haupiti vizuri, au joto tu limekuzidi. Anachagua. Kwa tumbo atachukua mmea uitwao burrito, kwa kuburudisha mwili ataongeza menta'i, aina ya mnanaa, anatwanga mapigo machache mpaka harufu ipande, kisha anakukabidhi ukatie kwenye jagi lako la maji na barafu. Mitishamba hiyo kwa Kiguarani, lugha ya Waguarani, wenyeji wa asili wa kule, ni pohã ñana, na ujuzi wa mmea upi unafaa nini hurithishwa majumbani, mzazi kwa mtoto. UNESCO ilipoiingiza tereré katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2020, haikuiandika peke yake. Iliiandika pamoja na pohã ñana. Anayesema "mate iliyopozwa" ameiondoa nusu hiyo yote.

Kuna pia hadithi kwamba tereré ilizaliwa katika Vita vya Chaco, kati ya Paragwai na Bolivia, 1932 hadi 1935, kwa kuwa askari waliogopa kuwasha moto wakaonekana na adui. Askari waliinywa kweli, na vita viliieneza desturi hiyo. Lakini kinywaji chenyewe ni cha Waguarani, na ni cha kale kuliko vita hivyo.

Namna ya kuinywa nayo ina taratibu zake. Maji ya kwanza hanywi mtu: majani makavu huyafyonza, na watu husema hayo ni ya Mtakatifu Tomaso. Baada ya hapo mmoja humimina, mara nyingi aliye mdogo kuliko wote, na guampa huzunguka. Kwenye kahawa ya kijiweni kila mtu hushika kikombe chake. Hapa guampa ni moja na mrija ni mmoja kwa wote. Ukirudisha guampa ukasema "gracias", maana yake umetosheka, na zamu yako itarukwa. Ndiyo maana korona ilipoingia mwaka 2020 na watu wakatakiwa wasichangie mrija, pigo lilikuwa kubwa kuliko wageni walivyodhani: kila mtu akabaki na guampa yake.

Na Waparagwai hao hao wanakunywa mate pia. Alfajiri, kabla jua halijakali, nyumba nyingi huanza na mate ya moto. Jua likishapanda, tena kiangazi cha Asunción huweza kupita nyuzi 40, ndipo jagi la barafu linapotoka. Kabla ya hapo hutafunwa kitu, empanada (mfano wa sambusa) au muhogo, kwa sababu yerba baridi kwenye tumbo tupu haipendezi. Kitafunio hicho kina jina lake, tereré rupa. Vinywaji viwili, saa mbili tofauti, nyumba moja. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaiita tereré mate baridi, hakuna haja ya kugombana naye. Muulize tu, kwa upole, kwenye jagi ametia majani gani.