Si lazima wali na maharage vikutane sahani moja

Wengi wanaoacha nyama, maziwa na mayai huambiwa kila mlo uwe na nafaka na jamii ya kunde (kama maharage na dengu) pamoja, la sivyo protini haikamiliki. Si kweli, na dhana hii iliyoenea miaka ya 1970 imewachosha watu bure jikoni. Protini hujengwa kwa asidi amino; kati ya hizo, nafaka zina laisini kidogo, kunde zina methionini kidogo, hilo ni sahihi. Lakini mwili huwa na akiba ya asidi amino: uji wa asubuhi na dengu za jioni hukamilishana vizuri tu. Kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, mimina dengu zilizoiva, ule na chochote kilichopo.

Cha kuangalia kwa makini ni vitamini B12. Mimea haikupi ya kutosha. Tumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.